UZI: Fosithia mkoani Tanga – kwa nini inagoma kuchanua, na nini upande badala yake milimani na pwani

#1 Mtunza_Kitalu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Kila ikifika Machi na Aprili zile picha za kichaka cha njano kisicho na jani hata moja zinazagaa mitandaoni kutoka Ulaya, na maswali yanaanza: Lushoto kitakubali? Raskazone je, nyuma ya nyumba? Mbegu zinapatikana wapi? Tuyamalize yote hapa.

Kichaka chenyewe ni fosithia. Ile iliyoenea bustanini ni Forsythia × intermedia, chotara wa aina mbili zenye asili ya China, F. suspensa na F. viridissima. Jina limetoka kwa William Forsyth, mtunza bustani wa Kiskoti wa karne ya 18. Ukoo wake ni Oleaceae, kwa hiyo ni ndugu wa asumini yetu na wa mzeituni. Kinafika mita 2.5 hadi 3, kinatanuka karibu sawa na kimo chake, na ua lake lina ncha nne. Zishikeni hizo ncha nne, zitatusaidia mbele.

Wengi wanadhani tatizo la huku kwetu ni joto litaua mche. Hapana. Mche utaishi na majani utatoa. Kinachokosekana ni ishara. Fosithia inatunga matumba ya mwakani katikati ya majira ya joto ya huko kwao, kwenye matawi yaliyokua msimu huohuo. Yakishatungwa yanajifunga na kulala, na hayaamki mpaka yapitiwe na baridi ya kutosha. Kipimo kinachotajwa na wakulima wa maua ni angalau wiki 6 hadi 8 za baridi iliyo chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Baridi ikishatimia ndipo joto kidogo tu linayafungua, tena kabla ya majani. Baridi isipotimia, tumba linakauka likiwa limefungwa, au yanafunguka mawili matatu kwa kuviziana miezi mitatu mizima, huku macho ya majani yakichipua nchani tu na katikati ya tawi kubaki wazi.

Kwa hiyo Tanga mjini sahau kabisa. Usiku wa Julai, ambao ndio baridi yetu, bado uko kwenye nyuzi 20 hivi. Milimani kuna la kujadili. Karibuni.

#2 Gogo_la_Shume

Nakazia kwa hesabu, maana huku kwetu kila mtu akivaa koti anasema "hii ni Ulaya ndogo".

Kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6. Anzia nyuzi 20 za Tanga mjini usiku wa Julai. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi, toa nyuzi 8, unabaki na 12. Shume, kama mita 1,900, unabaki na 8 au 9. Nyuzi 5 kwa wiki sita mfululizo haziko popote hapo.

Lakini usiku peke yake hautoshi kuamua, mchana nao unakata. Ile hesabu ya Utah ya kujumlisha baridi iliyopitia matumba, iliyotungwa kwa ajili ya mipichesi, inakwenda hivi: saa moja kwenye nyuzi 2.5 hadi 9.1 ni pointi moja, 9.2 hadi 12.4 ni nusu, 12.5 hadi 15.9 ni sifuri. Ukivuka 16 unaanza kukatwa nusu pointi kwa saa, na ukivuka 18 unakatwa pointi nzima. Sasa chukua siku ya Julai Lushoto: saa 8 za usiku kwenye nyuzi 12 zinakupa pointi 4, jua likitoka na kukaa saa 6 juu ya 18 unapoteza 6. Umelala na baridi, umeamka na deni. Shume siku za mawingu mazito unaweza kubaki na pointi kadhaa mkononi, ndiyo maana plamu na mapichesi yanafanya vizuri kule. Fosithia inataka zaidi ya hapo.

Kitu kimoja ambacho watu wanakikosea: ukitaka kukamua baridi yote iliyopo, usipande kwenye mteremko wa kati. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama chini bondeni. Wazungu wanakimbia mabonde kwa kuogopa barafu isiue matumba, sisi tunayafuata. Sharti bonde lisituamishe maji, maana mizizi ya fosithia ikikaa kwenye maji inaoza.

#3 Duga_Maforoni

Wakuu samahani, na nikipanda kwenye ndoo halafu niiingize kwenye friji? Friji inafika nyuzi 4.

#4 Mtunza_Kitalu

@Duga_Maforoni usicheke, swali zuri. Kinadharia inafanya kazi. Mahitaji ni haya: mche mdogo kwenye chombo cha lita 3 hadi 5, matawi yasizidi nusu mita, na yawe yamekomaa, yaani gome limegeuka kahawia na si kijani. Acha kutia mbolea wiki nane kabla. Punguza maji polepole, kisha pukutisha majani yote kwa mkono. Udongo uwe na unyevu mdogo, si mkavu. Funga chungu kwenye mfuko wa plastiki, matawi yabaki nje, ingiza kwenye nyuzi 2 hadi 5. Saa 1,000 ni siku 42, hicho ndicho kiwango cha chini. Udongo uangalie kila wiki.

Yatakayoharibu: kwanza matunda. Embe au ndizi inayoiva humo ndani inatoa gesi ya ethilini, na matumba ya maua hayaivumilii. Friji iwe ya mche peke yake. Pili, umeme. Ukikatika saa mbili si neno ukiacha mlango umefungwa. Ukikatika siku nzima mara kwa mara umefuta ulichokusanya. Tatu, ukiutoa usiubwage juani. Uweke barazani kwenye kivuli siku nne tano kwanza. Na ukichanua kwenye joto la Tanga mjini maua hayatakaa yale majuma mawili matatu ya Ulaya, yatapukutika upesi.

Friji nzima siku 42 kwa ua la siku chache. Hesabu luku yako mwenyewe.

#5 Duga_Maforoni

😂😂 Nimeelewa mkuu. Waja leo warudi leo.

#6 Dada_wa_Muheza

Naomba tuguse pia walioko kule kwenyewe. Wapo ndugu zetu wengi Ujerumani na Uingereza wanaosoma jukwaa hili, wamehamia nyumba zenye fosithia uani, na kila mwaka wanalalamika kwamba kichaka kimejaa majani tu. Kule baridi ipo. Shida yao ni mkasi.

#7 Dakta_Mizizi

@Dada_wa_Muheza umegonga penyewe. Kosa kubwa la kule ni kupogoa mwezi wa 9 au wa 10 "kusafisha bustani kabla ya baridi". Matumba yalishatungwa tangu mwezi wa 7, kwa hiyo unayakata yote na kuyatia kwenye pipa. Fosithia inapogolewa mara tu maua yanapoanguka, mwezi wa 4 mwishoni au wa 5, ili matawi mapya yapate majira yote ya joto kukua na kutunga matumba.

Jinsi ya kukata: tafuta mashina mazee kuliko yote, unene wa dole gumba na zaidi, gome limepasuka-pasuka. Kata robo hadi theluthi ya mashina hayo, chini kabisa usawa wa ardhi, kwa msumeno mdogo. Ukifanya hivyo kila mwaka, kichaka kinakuwa kimejizaa upya ndani ya miaka mitatu minne bila kukosa maua hata msimu mmoja. Usikinyoe juu kama ua wa michongoma. Ukinyoa juu, kinatoa vijiti vingi nchani, chini kinabaki kigumba, na maua yanajificha ndani.

Kikiwa kimeharibika kabisa, kata chote kibaki sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Kitarudi, ila mwaka unaofuata usitegemee maua mengi.

Dalili nyingine za kule na maana yake:

Maua yako chini tu, nusu ya juu tupu. Hiyo ni baridi iliyopitiliza. Matumba ya × intermedia yanaanza kufa baridi ikifika nyuzi 20 na ushee chini ya sifuri; yaliyofunikwa na theluji yanapona kwa sababu theluji inazuia baridi isipenye. Kwa sehemu za namna hiyo kuna aina iliyochaguliwa Marekani, 'Meadowlark', ambayo matumba yake yanahimili mpaka karibu nyuzi 35 chini ya sifuri.

Majani makubwa ya kijani kizito, maua haba. Aidha kivuli (kinahitaji jua saa 6 kwa siku) au mbolea ya nyasi ya jirani inayoingia kwenye mizizi. Naitrojeni nyingi inakuza majani na kuchelewesha matumba.

Udongo hausumbui sana. pH 6.5 hadi 7.5 kinajisikia nyumbani, na hata nje kidogo ya hapo kinavumilia.

#8 Mtunza_Kitalu

Niongeze moja kwa hao wa Ujerumani. Kuna desturi ya tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara: wanakata vijiti vya mcheri au fosithia, wanaviweka ndani kwenye maji, vichanue Krismasi. Ikiwa Desemba mosi bado haijapiga baridi ya maana, vijiti vinagoma. Ndiyo habari ileile ya matumba kutopitiwa na baridi. Ukikata Januari mwishoni au Februari ni uhakika. Kata vijiti vya mita moja vyenye matumba manene, pasua kitako kwa kisu sentimita 3 hivi, loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja, kisha weka kwenye chombo chumba chenye nyuzi 15 hadi 18. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Wiki moja hadi tatu vimefunguka.

Na pale Hamburg, kwenye daraja la Lombardsbrücke, kuna fosithia ambayo tarehe yake ya kuchanua inaandikwa kila mwaka tangu 1945. Wajerumani wanaichukulia kama alama ya majira ya kuchipua kuanza, na wenye bustani wanaambiwa fosithia ikichanua ndio wakati wa kupogoa mawaridi.

#9 Soni_Maporomoko

Sasa rudini mlimani. Huku Soni na Lushoto vitaluni wanauza kitu kinaitwa "fosithia", cha njano, kinaning'inia, kinachanua kweli. Kwa hiyo hesabu za @Gogo_la_Shume ziko wapi?

#10 Gogo_la_Shume

@Soni_Maporomoko hesabu ziko palepale, mche ndio siyo. Chukua ua moja mkononi uhesabu ncha. Ukiona nne, na jani moja moja lenye meno pembeni, ni fosithia. Ukiona sita mpaka kumi zimepangana mara mbili, vijiti vya kijani vyenye kona nne ukivisokota kati ya vidole, na majani matatu matatu, hiyo ni Jasminum mesnyi, asumini ya njano kutoka Yunnan, China. Ndiyo inayouzwa.

Ukiona kengele ndefu za njano kwenye mashada, majani yenye meno yamepangana pande mbili za kikonyo kimoja, na maganda marefu membamba ya mbegu, hiyo ni tekoma (Tecoma stans). Inapandwa sana, lakini mbegu zake zina mabawa, zinapeperuka hadi kwa jirani. Afrika Kusini imeshaingizwa kwenye orodha ya mimea vamizi. Ukiwa nayo, kata maganda kabla hayajapasuka.

Kwa macho yangu J. mesnyi ni bora kwa Lushoto kuliko fosithia yenyewe. Haihitaji ile baridi kali. Inachotaka ni usiku wa ubaridi na ukavu kidogo, na hivyo tunavyo.

#11 Soni_Maporomoko

Basi tupe namna ya kuipanda, mzee. Nataka iangukie kwenye ukuta wa mawe, kwenye kingo za matuta.

#12 Gogo_la_Shume

Hapo ndipo mahali pake hasa, mdogo wangu. Panda juu ya ukuta, nusu mita kutoka ukingoni, matawi yateremke yenyewe.

Shimo sentimita 50 kila upande. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Ukishika kiganjani isitoe harufu wala joto. Udongo wa chini usiurudishe ndani, utumie kutengeneza kisahani cha maji kuzunguka shina. Kati ya mche na mche mita 1.5 hadi 2. Panda masika yanapoanza kushika, mwezi wa 3 mwishoni, ili ufike kiangazi umeshashika ardhi. Matandazo unene wa sentimita 7 hivi, yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza, mvua ikikatika, keni moja ya lita 10 kwa wiki. Mwaka wa pili na kuendelea, kuanzia Juni punguza maji kwa makusudi. Mwagilia tu majani yakilegea asubuhi. Yakilegea mchana na kujirudi jioni yaache. Huo ukavu pamoja na ubaridi ndio unaoita matumba. Anayemwagilia kila siku Juni na Julai anapata kichaka cha kijani kizuri sana, basi.

Kupogoa ni kama fosithia: baada ya maua, siyo kabla. Toa theluthi ya mashina mazee chini kabisa.

Miche ya kuongeza haina gharama. Tawi linalogusa ardhi linaota mizizi lenyewe. Wewe likwaruze gome upande wa chini mahali penye kifundo, lilaze kwenye mfereji wa sentimita 5, weka jiwe juu, fukia. Masika yakipita unalikata upande wa mama. Na kwa sababu hiyohiyo, ncha zinazogusa chini usizokuwa na haja nazo zikate, la sivyo baada ya miaka miwili huna ukuta, una pori. Usiipande pembeni mwa msitu.

#13 Dakta_Mizizi

Hilo la msitu ni zito kuliko linavyosikika. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani 1902, walileta mimea mamia kwa mamia kuijaribu, na baadhi yake mpaka leo inausumbua msitu wa Usambara Mashariki. Maesopsis eminii ndio mfano unaojulikana zaidi. Msitu huohuo ndio nyumbani kwa lile ua la zambarau la Usambara, Saintpaulia, lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire na sasa linauzwa vyungu kwa vyungu dunia nzima.

Kwa wanaotaka kuagiza fosithia au kichaka chochote kutoka nje: usifiche vijiti kwenye begi. Kunahitajika kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, uwe nacho kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Mche uoshwe mizizi, usije na udongo. Vijiti visivyo na majani ndivyo rahisi kukaguliwa.

Na ukipata vijiti vya fosithia kihalali, tazama unapokata. Pingili za F. suspensa ni wazi ndani, pasua moja uone. Ukikata kitako katikati ya pingili maji yanaingia kwenye ule uwazi na kijiti kinaoza ndani wakati nje bado kinaonekana kizima. Kata milimita chache chini ya kifundo, pale penye ugumu. Urefu sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, chomeka nusu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji sawa kwa sawa, funika kwa plastiki kwenye kivuli.

#14 Bonde_la_Chai

Mbona hakuna anayetaja kamelia? Huyo ni mgumu wa baridi halisi, Camellia japonica, anavumilia hadi nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, anachanua kati ya baridi na majira ya kuchipua, na majani hapukutishi. Tena jenasi moja na chai, Camellia sinensis. Kipimo cha udongo mnacho tayari: mahali chai inapostawi, Bumbuli, Amani na kwingineko, kamelia itakubali. Anataka uchachu, pH 5 hadi 6.5.

Kama fosithia, matumba ya kamelia yanatungwa wakati wa joto, ila kufunguka yanatosheka na usiku wenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi. Hadai wiki sita za jokofu.

Yanayomuua ni mambo mawili. Kupandwa kirefu: shingo ya mche, pale mizizi inapoanza, iwe juu ya usawa wa ardhi sentimita 2 au 3, maana udongo utashuka. Na maji yaliyotuama. Kinachoangusha matumba yakiwa hayajafunguka ni kiu wakati yanajaa. Kwa hiyo yeye, kinyume na asumini ya njano, msimnyime maji. Msiweke chokaa wala majivu karibu. Matandazo ya majani ya msonobari yanafaa.

Subira inahitajika. Wa mbegu anachukua miaka mingi kuchanua, tafuteni wa kijiti.

#15 Duga_Maforoni

Haya, watu wa milimani mmemaliza sherehe yenu. Sisi wa Makorora, Duga, Chumbageni, wa ardhi ya matumbawe na upepo wa chumvi, tupewe nini?

#16 Bi_Asumini

Mwanangu nilikuwa nasubiri uulize. Asumini. Jasminum sambac. Si mmeambiwa ni ndugu wa hiyo fosithia? Ndugu aliyezaliwa kwenye joto.

Ila msimtunze kwa sheria za fosithia, mtamkosa. Fosithia inachanulia tawi la mwaka jana, asumini inachanulia chipukizi jipya. Kwa hiyo asumini unamkata kwa nguvu, na unamkata KABLA ya msimu. India, kule Tamil Nadu wanakolima asumini kwa biashara, wanakata mwisho wa Novemba kwa kimo cha sentimita 50 kutoka ardhini. Kwetu mimi nasema mwisho wa Februari, masika hayajashika, ili mvua ikute mti umeshafungua macho. Wiki mbili kabla ya kukata acha kumwagilia. Ukishakata, pukutisha majani yaliyobaki, tia samadi kilo 10 kwa shina, chimbua juu juu, ndipo umwagilie.

Shimo la kupandia sentimita 45 kila upande, shina hadi shina mita 1.25. Mwamba ukiwa juu, na mjini mara nyingi uko juu, usihangaike na sururu: jenga kitanda kilichoinuka sentimita 40 kwa matofali, jaza udongo mwekundu na mboji.

Jua ardhi yako kwanza. Chukua kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa ya matumbawe. Asumini kwenye udongo huo anageuka njano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani. Watu wanakimbilia kutia mbolea zaidi. Si njaa ya mbolea, ni chuma kimefungwa na chokaa. Feri salfeti gramu 5 kwa lita moja ya maji, nyunyizia majani jioni, rudia baada ya wiki mbili. Ukiimwaga kwenye udongo huo chokaa itaifunga nayo, umetupa pesa. Na iwe mbali na ukuta mweupe na vigae, inaacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Kusi likivuma, upande wa baharini weka kizuizi cha makuti au mmea mgumu. Majani yakiungua nchani suuza kwa maji baridi jioni.

#17 Dada_wa_Muheza

Shikamoo Bi Asumini. Wa kikuba anachumwa saa ngapi? Nikichuma asubuhi yamekwisha kukwajuka.

#18 Bi_Asumini

Marahaba mwanangu. Asubuhi umechelewa, limefunguka usiku. Chuma jioni kabla jua halijazama, tumba likiwa jeupe kabisa limejaa lakini limefumba. Lenye kijani kwenye ncha liache la kesho. Weka kwenye kitambaa chenye unyevu, usiyaloweke. Yatafunguka mkononi mwako.

#19 Kiomoni_Pangoni

Bi mkubwa, mimi matumba yanageuka zambarau na kuvimba chini kabla ya kufunguka, mengine yana tundu. Nimepuliza dawa ya utitiri, hola.

#20 Bi_Asumini

Utitiri haufanyi hivyo. Utitiri unakaa chini ya jani, jani linakuwa na vidoadoa na utando mwembamba. Hayo yako ni mambo mawili tofauti.

Lenye tundu la mviringo, na pengine matumba mawili matatu yameunganishwa kwa nyuzi, ni kiwavi. Pasua utamkuta ndani au utakuta kinyesi chake. Lililovimba chini na kugeuka zambarau bila tundu ni kijinzi kidogo sana kama mbu, funza wake wako ndani ya kitako cha ua. Hao wakikua wanashuka kwenye udongo kugeuka, ndiyo maana dawa ya juu ya majani haiwapati.

Fanya hivi: chuma matumba yote mabaya kila siku mbili, na yaliyoanguka chini okota. Usiyatupe kwenye mboji, yachome au yafunge kwenye mfuko mweusi juani. Chini ya shina chimbua sentimita 5, acha jua liingie, halafu tandaza plastiki au matandazo mazito. Kwa kiwavi, twanga mbegu kavu za mwarobaini gramu 50, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kidogo ishike, puliza jioni kila wiki. Puliza ukishachuma, siyo kabla, kama maua ni ya kuvaa.

#21 Kiomoni_Pangoni

Nimepata. Hayo yenye tundu ndiyo mengi kwangu. Mwarobaini uko nje ya geti, kesho natwanga.